Chakula cha Mchana Shuleni: Sahani Moja kwa Watoto Wote

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Ukweli wa methali hii huonekana saa ya mchana katika shule nyingi za msingi za Kenya. Kengele ikilia, watoto hutoka madarasani, nao hugawanyika mafungu mawili. Fungu la kwanza hushika sahani na kupanga mstari mbele ya jiko. Fungu la pili hujitenga chini ya miti au nyuma ya madarasa, wakingoja kengele ya masomo ya alasiri. Hao wa pili wana njaa kama wenzao, na pengine zaidi. Tofauti ni kwamba wazazi wao hawakuweza kulipa fedha za chakula.

Jambo hili si dogo. Mtoto aliyetoka nyumbani alfajiri kwa kikombe cha chai ya rangi, akatembea mwendo mrefu mpaka shuleni, hawezi kushindana na mwenzake aliyeshiba katika somo la hesabu. Kosa si la akili yake, ni la tumbo lake. Asiposaidiwa, mara nyingi mwisho wake hujulikana: kwanza hukosa siku moja kwa juma, kisha siku tatu, kisha haonekani tena.

Kwa hiyo yafaa wazazi, walimu na kila mwenye kujali maendeleo ya watoto wajue mambo matatu: chakula cha shule huleta faida gani, mtoto wa jamaa maskini aweza kukipata kwa njia gani, na wazazi waweza kufanya nini pale ambapo msaada wa Serikali haufiki.

FAIDA ILIYOPIMWA

Faida ya chakula cha shule haikubaliwi kwa maneno matupu tu. Imepimwa, tena imepimwa humu humu Kenya.

Kati ya mwaka 1998 na 2000, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wa vyuo vya Marekani walifanya uchunguzi katika shule 12 za msingi huko Embu. Waliwachukua watoto wa darasa la kwanza wakawapa githeri, yaani mahindi na maharagwe yaliyopikwa pamoja, ambayo wengine huita pure. Katika shule nyingine githeri hiyo ilitiwa nyama. Katika nyingine watoto walipewa githeri pamoja na maziwa. Katika nyingine iliongezwa mafuta tu. Fungu la nne halikupewa chakula shuleni, ili pawe na kulinganisha. Watoto waliokula nyama waliwashinda wenzao katika mtihani wa kufikiri kwa kutazama michoro, tena walionekana wachangamfu zaidi uwanjani na wepesi wa kuongoza michezo. Maziwa nayo yalisaidia kuongeza kimo cha watoto wadogo waliokuwa wamedumaa.

Uchunguzi mwingine ulifanywa katika shule za chekechea huko magharibi mwa Kenya, upande wa Busia na Teso. Shule 25 zilipewa uji wa asubuhi bila malipo, na shule nyingine 25 hazikupewa. Katika zile zenye uji, mahudhurio ya watoto yalizidi kwa asilimia 30. Hata hivyo watoto walipata alama za juu zaidi pale tu ambapo mwalimu alikuwa amefunzwa vema. Tena shule zenye uji ziliongeza karo, maana wazazi wengi walitaka kuleta watoto wao.

Mafunzo ya habari hizi ni mawili. La kwanza, chakula humvuta mtoto na kumweka shuleni, lakini hakifundishi badala ya mwalimu. La pili, msaada usiposimamiwa vema, faida yake yaweza kumponyoka yule yule maskini aliyekusudiwa, kwa kuwa gharama nyingine hupandishwa juu yake.

MPANGO HUU ULIANZAJE

Fikira ya kulisha watoto shuleni ina zaidi ya miaka mia. Huko Uingereza, watu walishtuka wakati wa Vita vya Makaburu, kati ya 1899 na 1902, walipoona ya kuwa vijana wengi waliojitolea kuwa askari walikataliwa kwa udhaifu wa miili. Mwaka 1906 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria iliyoruhusu halmashauri za miji kuwapa watoto wa shule chakula. Katika mji wa Bradford, mwaka 1907, daktari wa shule aliwapima uzito watoto waliolishwa. Uzito wao uliongezeka majuma ya masomo. Wakati wa likizo, chakula cha shule kilipokoma, ulipungua. Mwaka 1944 sheria nyingine ikaifanya kazi ile kuwa lazima kwa kila halmashauri.

Hapa Kenya, wazee wengi wa leo hukumbuka maziwa ya Nyayo. Rais Daniel arap Moi aliutangaza mpango huo mwaka 1979, na watoto wa shule za msingi wakapewa pakiti za maziwa bila malipo. Maziwa hayo yaliwafikia watoto wa kila namna, wa karani na wa kibarua, wa mjini na wa mashambani. Lakini gharama yake ilikuwa kubwa, na kuyafikisha shule za mbali kabla hayajaharibika kulikuwa kazi ngumu. Katika miaka ya 1990 mpango ukafifia, mwishowe ukakoma.

Mwaka 1980 ulianza mpango wa pili, nao ulidumu zaidi. Serikali ya Kenya na Shirika la Chakula Duniani zilianza kupeleka mahindi, maharagwe na mafuta katika shule za sehemu kavu, kama Turkana, Marsabit, Wajir, Mandera na Garissa. Katika nchi hizo mfugaji huhama akifuata malisho na maji, na mara nyingi chakula cha mchana ndicho kilichomfanya amwache mtoto wake shuleni badala ya kwenda naye. Baadaye watoto wa vitongoji maskini vya Nairobi wakaingizwa pia.

Mwaka 2003 Serikali iliondoa karo katika shule za msingi za umma, na watoto zaidi ya milioni moja wakaongezeka madarasani. Wengi wao walitoka katika nyumba ambazo hazikuweza kulipa karo, wala hazikuweza kufunga chakula cha mchana. Mlango wa shule ulifunguliwa, lakini njaa iliingia pamoja nao.

Mwaka 2009 Serikali ilianza kuchukua mzigo huo yenyewe. Ilianza na watoto wapatao nusu milioni waliokuwa wakilishwa na Shirika. Badala ya kuleta chakula kutoka nchi za mbali, ilipeleka fedha katika hesabu za shule, na halmashauri za shule zikanunua nafaka kwa wakulima na wafanyabiashara wa karibu. Hivyo fedha za chakula cha mtoto zikawa pia soko la mkulima. Mwaka 2018 Shirika la Chakula Duniani lilikabidhi kazi yote kwa Serikali. Usimamizi wake baadaye ulitiwa mikononi mwa Baraza la Taifa la Elimu ya Wahamaji.

Lakini yafaa ifahamike wazi kwamba mpango huo ulikusudiwa hasa nchi kavu na vitongoji maskini vya mijini. Katika wilaya zenye mvua na mashamba mazuri, watu hudhani hakuna mtoto mwenye njaa. Sivyo. Hata penye mashamba mazuri wapo wasio na shamba, wapo wajane, wapo mayatima wanaolelewa na nyanya zao, wapo vibarua wanaolipwa kwa siku. Watoto wa watu hao hukaa darasa moja na watoto wa wenye majani ya chai na ng'ombe wa maziwa.

SHILINGI TANO ZA NAIROBI

Njia nyingine imejaribiwa mjini. Mwaka 2012 Bibi Wawira Njiru, aliyekuwa akisomea mambo ya lishe huko Australia, alianza kuwalisha watoto 25 huko Ruiru kwa fedha alizokusanya mwenyewe. Kazi hiyo ilikua ikawa chama kiitwacho Food4Education, ambacho hupika katika majiko makuu na kupeleka chakula kwa magari mpaka shuleni.

Mwaka 2023 Serikali ya Kaunti ya Nairobi, chini ya Gavana Johnson Sakaja, ilishirikiana na chama hicho katika mpango uitwao Dishi na County. Lengo lililotangazwa lilikuwa kuwalisha watoto 250,000 wa shule za msingi za umma na za chekechea. Mpango ulipoanza, mzazi alitakiwa kulipa shilingi tano kwa sahani moja, na gharama iliyobaki ikalipwa na kaunti na chama hicho. Sahani hiyo huwa na chakula kama wali na maharagwe au ndengu.

Jambo la kuangaliwa zaidi ni namna ya kulipa. Mtoto hachukui fedha mkononi. Huvaa bangili yenye kifaa kidogo kinachotunza hesabu yake, na mzazi huweka fedha kwa simu kupitia M-Pesa. Mtoto akifika mbele ya mgawaji huigusisha bangili yake kwenye mashine, kisha hupewa sahani. Hapana fedha za kupotea njiani, wala hapana nafasi ya mtu mwenye tamaa kuzichukua mlangoni. Zaidi ya hayo, bangili ya mtoto wa mama mfua nguo ni sawasawa na bangili ya mtoto wa mwenye duka.

AIBU HUFUKUZA KULIKO NJAA

Neno hilo la mwisho ndilo kiini cha mambo yote. Kumpa mtoto maskini chakula ni jambo jema. Kumpa kwa namna inayomtangaza kuwa maskini ni kumharibia. Watoto wana macho makali. Mtoto anayeitwa mbele ya wenzake kwa orodha ya wasiolipa, au anayekula baada ya wengine kumaliza, au anayepewa sahani ya rangi nyingine, huenda siku ya pili akasema hana njaa.

Wamarekani walijifunza hayo kwa taabu. Mwaka 1946 Rais Harry Truman alitia sahihi sheria ya chakula cha mchana shuleni, ambayo ilitaka watoto wasioweza kulipa wapewe bila malipo au kwa bei iliyopunguzwa. Lakini katika shule nyingi watoto hao walitambulishwa kwa tikiti za namna ya pekee au kwa mistari ya pekee. Mwaka 1970 Bunge la nchi hiyo likakataza shule kuwatambulisha watoto hao hadharani kwa njia yoyote. Na sheria ya mwaka 2010 ikaruhusu shule zilizo katika sehemu maskini zimlishe kila mtoto bila malipo, bila kumtaka mzazi ajaze karatasi za kuthibitisha umaskini wake.

Huko India, katika jimbo la Tamil Nadu, Waziri Mkuu wa jimbo, Bwana K. Kamaraj, alianzisha chakula cha mchana shuleni mwaka 1956 kwa sababu aliona watoto maskini hawafiki darasani. Mwaka 2001 Mahakama Kuu kabisa ya nchi hiyo iliamuru kwamba shule zote za msingi za Serikali zitoe chakula kilichopikwa. Leo watoto zaidi ya milioni 100 hulishwa katika mpango huo. Katika nchi ambayo kwa karne nyingi watu wa tabaka moja hawakukubali kula pamoja na wa tabaka jingine, kuwaketisha watoto mstari mmoja na kuwapakulia sufuria moja lilikuwa badiliko kubwa, wala halikukubaliwa upesi kila mahali.

SHERIA YA KENYA YASEMAJE

Wazazi wengi hawajui kwamba sheria iko upande wa mtoto. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, humpa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa na ya kupata chakula cha kutosha. Kifungu cha 53 huongeza kwamba kila mtoto ana haki ya kupata lishe ya msingi.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, katika kifungu cha 29, husema kwamba shule ya umma haina ruhusa ya kumtoza mzazi karo ya masomo. Malipo mengine yaweza kutozwa kwa idhini ya Waziri akishauriana na Bodi ya Elimu ya Kaunti, lakini mtoto asikatazwe kuhudhuria shule kwa sababu mzazi ameshindwa kuyalipa. Tena yeyote anayepokea malipo hayo hana budi kutoa stakabadhi. Basi mwalimu anayemrudisha mtoto nyumbani kwa sababu ya fedha za chakula hutenda lisiloruhusiwa, hata kama nia yake ni njema. Na mzazi anayelipa bila kudai stakabadhi hufungua mlango wa hasara.

Mzazi asiyejiweza na afuate njia hii. Kwanza, amwendee mwalimu mkuu mapema, muhula unapoanza, kabla deni halijawa kubwa, amweleze hali yake kwa siri. Amwulize kama shule imo katika mpango wa Serikali au wa kaunti. Kama mtoto yuko chekechea, ajue ya kuwa elimu ya chekechea imewekwa na Katiba mikononi mwa kaunti, na baadhi ya kaunti hutoa uji au maziwa kwa watoto hao. Basi maulizo yapelekwe katika ofisi ya elimu ya kaunti. Kama mtoto yuko shule ya msingi, jambo hilo ni la Serikali ya Taifa, na ofisi ya kuendea ni ile ya mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo.

Pili, kama hakuna msaada wa Serikali, mzazi asikae kimya nyumbani kwa kuona haya. Awatafute wazazi waliochaguliwa kuwa wajumbe katika Bodi ya Usimamizi ya shule, maana hao waliwekwa kusema kwa niaba ya wenzao. Aseme pia aweza kutoa nini badala ya fedha: kuni, maji, mboga, au siku za kazi jikoni.

HESABU YA SHULE YA WATOTO 200

Walio na uwezo nao mara nyingi hukataa kusaidia kwa kudhani kwamba mzigo ni mkubwa mno. Hesabu yaonyesha vingine.

Kipimo kilichotumiwa kwa miaka mingi katika mpango wa Kenya ni gramu 150 za mahindi kwa kila mtoto kwa siku, gramu 40 za maharagwe, gramu 5 za mafuta, na chumvi kidogo. Tuseme shule ina watoto 200, na muhula una siku 60 za masomo. Kila siku sufuria itahitaji kilo 30 za mahindi, kilo 8 za maharagwe na kilo moja ya mafuta. Kwa muhula mzima itakuwa kilo 1,800 za mahindi, yaani magunia 20 ya kilo 90, na kilo 480 za maharagwe, yaani magunia matano na kilo 30.

Ukigawanya kwa mtoto mmoja, sehemu yake kwa muhula ni kilo 9 za mahindi, ambazo ni kama nusu ya debe, na maharagwe ya kilo mbili na nusu hivi. Mkulima aliyevuna vema hatatetereka kwa kiasi hicho.

Sasa tuseme katika watoto hao 200, wapo 30 ambao wazazi wao hawana kitu kabisa. Chakula chao cha muhula ni kilo 270 za mahindi, yaani magunia matatu, na kilo 72 za maharagwe. Mzigo huo ukigawanywa kwa watoto 170 waliobaki, fungu la kila mmoja huongezwa mahindi yasiyofika kilo mbili, yaani chini ya gorogoro moja, na maharagwe yasiyofika nusu kilo. Hiyo ndiyo gharama yote ya kuhakikisha kwamba hapana mtoto atakayetazama wenzake wakila muhula mzima. Haba na haba hujaza kibaba.

Mafuta, chumvi, kuni na ujira wa mpishi havipatikani kwa mahindi, navyo vitahitaji fedha taslimu. Lakini fedha hizo ni chache kuliko zile ambazo shule ingetoza kama ingenunua kila kitu dukani, hasa miezi ya kabla ya mavuno ambapo bei ya nafaka hupanda. Shule yenye busara hukusanya nafaka mara baada ya mavuno, wakati mkulima anayo na bei iko chini.

GHALA, JIKO NA DAFTARI

Kukusanya nafaka bila kuitunza ni hatari. Mwaka 2004, katika sehemu za mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa kula mahindi yenye sumu ya ukungu, ambayo wataalamu huiita aflatoksini. Mahindi hayo yalihifadhiwa yakiwa na unyevu. Sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa.

Kwa hiyo shule isipokee mahindi ambayo hayajakauka vema. Unyevu wake usizidi sehemu 13.5 katika 100. Pasipo na chombo cha kupimia, mkulima aweza kutumia chupa na chumvi: atie chumvi kavu katika chupa kavu, aongeze mahindi, azibe, atikise kwa nguvu, kisha aiache itulie kwa dakika chache. Chumvi ikigandamana kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi, yarudishwe juani. Magunia yawekwe juu ya vichanja vya mbao, mbali na ukuta, katika chumba kisichovuja. Punje zenye ukungu au zilizobadilika rangi zichaguliwe na kutupwa, wala wasipewe kuku wala ng'ombe.

Jikoni nako kuna akiba. Maharagwe na mahindi yaliyolowekwa usiku kucha huiva upesi, na kuni hupungua. Jiko lililojengwa kwa matofali na kuzungushiwa sufuria hula kuni chache kuliko mafiga matatu, tena moshi haumwumizi mpishi macho. Maji ya kunawa mikono yawe karibu na mahali pa kupakulia. Na palipo bustani ya shule, sukuma wiki, mchicha au kunde vikitiwa katika githeri huongeza nguvu ambayo mahindi peke yake hayana.

Jambo la mwisho ni daftari. Wengi wa wazazi walio makarani, au waliostaafu ukarani, wanaweza kuisaidia shule hapa kuliko kwa kutoa fedha. Madaftari mawili yatosha: moja la ghala, lionyeshe kila kilichoingia na kila kilichotoka, la pili la idadi ya watoto waliokula kila siku. Yakilinganishwa kila mwisho wa juma, wizi huonekana mapema. Watoto 180 wakila, na ghala likapungua kwa chakula cha watoto 230, swali la kuuliza ni moja tu. Yasomwe madaftari hayo mbele ya mkutano wa wazazi, maana mtu hutoa kwa moyo pale anapoona kitu chake kimefika mahali pake.

Lakini daftari la majina ya wasiolipa lisisomwe mkutanoni, wala lisibandikwe ukutani. Hilo na libaki mikononi mwa mwalimu mkuu na mjumbe mmoja au wawili wa Bodi walio waaminifu. Mpishi asilijue. Mwalimu wa zamu asilijue. Watoto wenyewe wasilijue kabisa.

MKUTANO WA KWANZA WA MUHULA

Kila mzazi mwenye mtoto shuleni ni mwanachama wa Chama cha Wazazi kwa mujibu wa sheria ya 2013, hata kama hajawahi kuhudhuria. Mkutano wa kwanza wa muhula ndio mahali pa kulifikisha shauri hili. Wazazi na waulize maswali manne: watoto wangapi hawali mchana? Nafaka kiasi gani yahitajiwa, na nani atatoa nini? Itahifadhiwa wapi? Nani ataandika hesabu? Shule iliyojibu maswali hayo manne kwa kweli yaweza kuanza na uji tu, mara tatu kwa juma, ikaongeza pole pole kadiri mavuno yanavyoruhusu.

Serikali na kaunti zina wajibu wao, na wananchi hawana budi kuendelea kuzikumbusha, hasa fedha za chakula zinapochelewa kufika shuleni. Lakini mtoto wa darasa la pili hawezi kungoja. Muhula ukipita hakuusoma kwa ajili ya njaa, haurudi tena, na wa pili wake humkuta nyuma. Kumtunza yeye kwa gorogoro moja ya mahindi ni kazi ambayo wazazi wa kila kijiji wanaweza kuianza muhula ujao.